Nimeitwa kuwa mkalimani wa mtoto anayehojiwa. Naombeni ushauri kabla ya Alhamisi

Binti wa Pangani aliandika, Jumatatu usiku:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nipo Marekani mwaka wa sita. Mitatu kati ya hiyo nimekuwa mkalimani wa simu, zamu ya usiku. Kazi zangu nyingi ni za hospitali: mama mjamzito, mzee wa presha, mtu anauliza dawa anywe kabla au baada ya kula. Hiyo naijua. Leo wakala wangu kanitumia ujumbe: Alhamisi asubuhi, ana kwa ana, kituo cha kuhojia watoto wanaodhaniwa wametendewa vibaya. "Mtoto, Kiswahili, Kongo." Basi, hakuna zaidi. Nimekubali kabla sijafikiri na sasa usingizi hauji.

Mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia vyumba hivyo vina kamera, na kwamba polisi, mwendesha mashtaka na watu wa ustawi wa jamii hukaa chumba cha pili wakiangalia kwenye skrini. Hospitalini nikiteleza daktari atauliza tena. Huku nikiteleza inakuwaje?

Kinachonisumbua kwanza ni maneno. Nimelelewa na bibi, na kwetu sehemu za mwili za namna ile hazitajwi, unasema "huko" na kila mtu ameelewa. Nitazitajaje mbele ya mwanamume mtu mzima nisiyemjua, mtoto akiniangalia? Pili, watoto wetu wakimwona mtu anayeongea Kiswahili wanamkimbilia. Ataniita shangazi. Nimkatalie? Tatu, na hili ndilo linanilemea: akisema kachapwa, nieleze kwamba kwetu mtoto kuchapwa ni malezi? Naogopa kuwa mimi ndiye niliyesababisha watoto wa watu wachukuliwe.

Halafu familia za Kikongo hapa si nyingi. Kwaya yao huja kuimba kanisani kwetu, nawafahamu kiasi.

Mwenye uzoefu anisaidie, siku zimebaki chache.

(Nimehariri: nimeondoa jina la mji na umri wa mtoto. Asante mama uliyenishtua.)

Mama wa Uvira alijibu:

Marahaba mwanangu. Na umefanya vizuri kufuta upesi, maana Wakongo wa huku tunajuana hata kwa sauti.

Mimi ni wa Uvira, Kongo. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, nimeishi tangu 1997, ikiwa bado mahema, hadi tulipoletwa huku. Kazi hii ya watoto naifanya mwaka wa kumi na moja. Nitakuandikia kwa urefu kwa sababu mimi hakuna aliyeniandikia.

Nianze na lile uliloliweka mwisho kama kitu kidogo: kwaya. Kesho asubuhi mpigie wakala, uulize jina la ukoo tu. Ukikuta unamfahamu mama yake, au mnasali pamoja, jiondoe. Mtoto akikuona wewe atamwona kila shangazi wa kanisani, na neno alilokuja nalo atarudi nalo nyumbani. Usione haya kujiondoa. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inaikataza ofisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na hilo limefasiriwa kuwa ichukue hatua za kutosha ili mtu asiyejua Kiingereza aelewe na aeleweke. Kutafuta mkalimani mwingine ni kazi yao.

Na uulize Kiswahili kipi. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu fomu itasema Kiswahili, lakini nyumbani huenda wanaongea Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge. Kiswahili chake ni cha bombani na uwanjani. Mambo ya jikoni na kitandani anayajua kwa lugha ya mama yake. Hata kama Kiswahili ndicho, ni chetu, si chenu cha Tanga. Nikupe mfano, nikibadilisha vitu ili nisimtambulishe mtu. Niliwahi kuitwa nisikilize rekodi. Mtoto alisema, "Yaya ndiye alinichoma." Mkalimani, mtu wa pwani, Kiswahili safi kabisa, akapeleka kwamba mlezi wa kuajiriwa, mwanamke, ndiye aliyemchoma. Wiki tatu watu wakatafuta yaya katika nyumba ambayo mama anatandika vitanda hotelini na hana hata senti ya kumlipa yaya. Kwetu Kongo yaya ni ndugu yako mkubwa, awe wa kike au wa kiume. Wiki tatu hizo mtoto alikuwa bado analala nyumba moja na kaka yake.

Angalia hapo kuna makosa mawili. La kwanza ni yaya. La pili halionekani kirahisi: ule uanamke. Sisi tunasema "alinichoma", na hiyo *a-* haina jinsia. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Ukichagua wewe, umeshatoa ushahidi ambao mtoto hajautoa. Kwa hiyo sema "mtu huyo" hadi mtoto mwenyewe aseme ni nani, na mweleze mhoji kabla ya kuingia kwamba utafanya hivyo na kwa nini.

Sikiliza pia mkia wa kitenzi. Mtoto wa Kivu akisema "alinipiga" ni mara moja. Akisema "ananipigaka", hiyo *-aka* ni mazoea, ni kila mara. Wakenya wa magharibi nao wana *-anga* yao. Ukiuacha huo mkia umegeuza miezi kuwa siku moja, na mahakamani hayo mambo mawili ni mbali sana.

Mwombe mhoji asiulize kwa kukanusha. Akiuliza "Hakukugusa?" mtoto akajibu "ndiyo", kwa Kiswahili amesema ni kweli, hakunigusa. Neno hilo likifika upande wa pili peke yake, linasomeka kinyume. Saa unazijua mwenyewe, ila usisahau ukiwa na woga: saa mbili za mtoto zinaweza kuwa saa mbili zetu, na zinaweza kuwa za saa ya ukutani shuleni kwake. Mwache mhoji aulize kama kulikuwa na giza.

Sasa nikuambie kilichonifundisha kuliko vyote. Mahojiano haya yana utaratibu. Mwanzoni mhoji humwambia mtoto: kama hujui sema hujui, nikikosea nisahihishe. Kisha humjaribu kwa kosa la makusudi. Kulikuwa na mvulana mmoja, kavaa jezi ya buluu, mikono kaibana katikati ya magoti, macho sakafuni. Mhoji akamwambia, "Naona umevaa shati jekundu." Nikatafsiri. Mtoto akasema, "Ndiyo." Mhoji akarudia. "Ndiyo." Chumba cha pili, nilikuja kuambiwa baadaye, walishaanza kuandika kwamba huyu mtoto anakubali chochote, ushahidi wake hautasimama.

Nikaomba ruhusa, nikasema kwa Kiingereza kwamba mkalimani ana jambo la lugha na malezi. Tukatoka mlangoni, nikamwambia: huyu kafundishwa tangu anatambaa kwamba mkubwa hakosolewi, na macho chini ni heshima, si uongo. Sikusema lolote juu ya kesi, sikuijua. Tuliporudi mhoji akakaa chini kuliko mtoto, kwenye kigoda, akamwambia, "Najua umefundishwa adabu nzuri. Humu ndani, kunisahihisha ndiyo adabu." Nikaitafsiri taratibu. Kikapita kimya. Mtoto akainua uso kidogo: "Si nyekundu. Ni ya buluu. Na si shati, ni jezi." Baada ya hapo alimsahihisha mhoji mara nne, na mara moja kati ya hizo ilikuwa ni juu ya nani hasa alikuwa chumbani usiku ule.

Hayo yote mweleze mhoji kabla, si katikati kama mimi. Mwambie na hili: wengi huanza kwa kumwomba mtoto asimulie sikukuu yake ya kuzaliwa, ili azoee kusimulia. Watoto wetu wangapi makaratasi yao yanasema 1 Januari kwa kuwa tarehe halisi haijulikani? Atanyamaza, waone hawezi kusimulia. Aulizwe Krismasi, harusi ya kanisani, siku ya kwanza kuona theluji. Utaona kama maneno hayatamwagika.

Maneno ya mwili. Chukua neno la mtoto, usilipambe, usilifiche. Watoto waliokulia Tanzania wengine sehemu za siri huziita "dudu". Nimeshasikia likitafsiriwa mdudu, na kwenye ripoti ikaandikwa mtoto anaogopa wadudu. Likija neno la namna hiyo, au "alinichezea", au "tabia mbaya", sema waziwazi kwa lugha zote mbili: mkalimani anaeleza kwamba neno hili lina maana zaidi ya moja, naomba mtoto aulizwe. Usimchagulie. Na kesho jioni simama mbele ya kioo, uyaseme yote kwa sauti, Kiswahili na Kiingereza, mpaka uso wako usibadilike. Mtoto anausoma uso wako, si wa mhoji. Akiona umeona aibu, anajua amesema kitu cha aibu. Ananyamaza hapo hapo.

Akikuita shangazi, itika. Usimkatalie mtoto heshima. Ila mwambieni mapema, wewe na mhoji, kwamba kazi yako ni kubeba maneno yake yote na ya mhoji yote, hata akikunong'oneza utayasema. Kaa ubavuni kwake, nyuma kidogo, ili amtazame mhoji. Usimshike, usimfute machozi. Hilo la mwisho ni gumu, nakuambia kweli.

Kuhusu kueleza kwamba kuchapwa ni malezi: hapana. Chumba kile ni cha mtoto. Ukileta malezi yetu mle, unamjibia.

Baba Watatu aliandika:

Mama wa Uvira nakuheshimu, lakini hapo mwisho sikubaliani. Jirani yangu alichukuliwa watoto miezi minne kwa sababu mwalimu aliona alama ya mkanda. Mama hana Kiingereza. Alisema "nilimchapa", mkalimani wa simu akapeleka neno ambalo huku linatumika mtu akipigwa hadi kuvunjwa mbavu. Watoto wakaenda kulala kwa watu wasiojua hata ugali. Wa mwisho alirudi anakataa kuongea Kibembe. Sasa mkalimani mwenye damu yetu akinyamaza, nani atatusemea? Hawa watu hawatujui. Mimi nasema aeleze.

Mama wa Uvira alijibu:

Baba Watatu, kisa hicho kimeniuma, na ninakuamini. Lakini angalia palipoharibika: neno halikubebwa. Kuchapa si kupiga kokote, na kupiga si kupondaponda. Mkalimani angelibeba lilivyo, yule mama angekuwa amejieleza mwenyewe. Majimbo ya Marekani hayajamkataza mzazi kumchapa mtoto nyumbani, lakini alama na jeraha hubadilisha jambo, kwa hiyo mama alihitaji maneno yake yafike bila kuongezwa wala kupunguzwa. Hicho ni chumba cha mama. Namsemea yeye huko kwa moyo wote.

Chumba cha mtoto ni kingine. Wewe unaogopa mkalimani mwenye kutujua akinyamaza. Mimi naogopa anayedhani anatujua akiongea. London alikuwepo mtoto wa miaka minane, Victoria Climbié, kazaliwa Ivory Coast, kaletwa Ulaya na shangazi wa mama au baba yake kwa ahadi ya shule. Alipokuwa anasimama wima kama askari mbele ya watu waliomlea, afisa wa ustawi wa jamii alidhani ile ni heshima ya familia za asili ya Afrika na Karibiani. Ilikuwa hofu. Alifariki tarehe 25 Februari 2000, mwilini ana majeraha 128. Ripoti ya Bwana Laming ya 2003, juu ya kifo chake, ilisema wazi kwamba mtu anaweza kushindwa kuchukua hatua kwa kuogopa kuitwa mbaguzi. Watu walisema "ni utamaduni wao" wakaenda zao. Sitaki mimi niwe mdomo unaosema neno hilo, mtoto akiwa amekaa ubavuni kwangu.

Ndiyo maana nilimwambia Binti aseme ya lugha na adabu mlangoni, kabla hajajua kesi ni nini. Hapo hawezi kuipendelea familia wala kuiumiza.

Muuguzi wa Zamu aliandika:

Niongeze la ngozini, maana hapo ndipo ripoti nyingi huanzia. Watoto wetu wengi huzaliwa na doa la buluu au kijivu kiunoni na makalioni. Ni rangi ya ngozi tu na hufifia mtoto akikua, lakini asiyelijua huliona kama damu iliyovilia kwa kipigo. Kuna alama za chuku, yaani za kuumikwa kwa pembe au kikombe, mviringo kamili, zinazofanana na kitu cha moto kilichobandikwa. Kuna chale za dawa, mistari midogo miwili miwili kifuani au tumboni. Wazazi, mwonyesheni daktari wa mtoto alama hizo siku ya kwanza kabisa kliniki, ziandikwe na zipigwe picha.

Na kwa Binti: mhoji akiuliza "nani alikukata?", mtoto atasema "bibi", na ni kweli. Ni bora aulize, "Niambie kuhusu alama hii." Swali hilo likija hivyo, lipeleke hivyo hivyo. Usilifupishe.

Mtu wa Bergen aliandika:

Naandika kutoka Norwei, ambako kumpiga mtoto wako kumekatazwa kisheria tangu 1987, na leo hata kofi ni kosa. Nyumba za watoto za kuhojia zilianza huku mwaka 2007, hapa Bergen na Hamar, wazo limetoka Iceland. Anayehoji ni polisi aliyesomea kazi hiyo. Yote aliyosema Mama wa Uvira ndiyo tunayokutana nayo. Nakazia moja tu: msimchukue dada mkubwa wa mtoto awe mkalimani eti kwa kuwa Kinorwe chake ni kizuri. Nimeona shule ikijaribu. Yule dada alikuwa anatafsiri huku anatetemeka, na kila sentensi ilitoka fupi kuliko ilivyoingia.

Binti wa Pangani aliandika, Jumatano usiku:

Mama, muuguzi, baba, wote asanteni. Nimesoma mara tatu.

Nilimpigia wakala jana asubuhi. Jina la ukoo silifahamu, nikashukuru. Nikauliza lugha ya nyumbani, akasema Kiswahili. Nikamwomba aulize kituo, kituo kiulize shule. Jibu limerudi leo saa tisa: Kibembe. Mtoto mwenyewe alimwambia mwalimu wake kwamba Kiswahili anakijua cha kuchezea. Mahojiano yamesogezwa hadi Jumanne ijayo, kapatikana mkalimani wa Kibembe jimbo jingine, atakuwa kwenye video. Mhoji kanishukuru kwa simu. Kasema vituo hivi vilianzishwa Huntsville, Alabama, mwaka 1985, ili mtoto asimulie mara moja badala ya kurudia kwa polisi, kwa daktari, kwa kila mtu, na hiyo mara moja ingepotea kwa Kiswahili cha kuchezea.

Kioo nimekifanyia kazi, jana na leo. Jana sikuweza kufika mwisho. Leo nimefika.

Mimi wameniomba nibaki kwa ajili ya mama yake, chumba kingine, siku hiyo hiyo. Kiswahili chake ni kizuri, kasomea Kigoma. Nimekubali. Mama wa Uvira, swali moja: akisema "nilimchapa", nilipelekeje?

Mama wa Uvira alijibu:

Lipeleke kwamba alimwadhibu kwa kumpiga, kisha useme mkalimani anaeleza: kitenzi hiki kwa kawaida ni adhabu, mara nyingi kwa fimbo au mkanda, na chenyewe hakisemi kwa nguvu kiasi gani. Halafu nyamaza. Kwa nini, wapi na mara ngapi atauliza mhoji, na mama atajibu. Akitafuta neno mpe muda, hata dakika nzima. Usimmalizie.